Kilo Nane za Yeriko

Kakiika, Mbarara
12 Januari 2014

Yaya Georgette, dada yangu mkubwa mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako, kwa kuku wako na hata kwa yule mbuzi anayekula nguo za watu. Sisi huku tu wazima. Mke wangu Bénédicte anakusalimu, watoto wanakusalimu, hata meneja wa kituo cha maziwa ninapopimia maziwa ya watu anakusalimu, ingawa hakujui. Sweta uliyonifumia imefika. Ni nzuri sana, nimeiweka kwa ajili ya siku kubwa. Unisamehe tena kwamba sikuja Noeli. Huu ni mwaka wa tatu, najua, lakini ng'ombe hawana kalenda, na maziwa lazima yapimwe.

Sasa neno lenyewe. Kuna kliniki moja ya binafsi hapa mjini itakayopokea madaktari wageni mwezi wa sita. Wanapasua watu wanene na kupunguza mfuko wa chakula, ubaki mdogo, mtu ashibe upesi, sukari ishuke, magoti yapumzike. Hawatozi kitu, lakini wanachukua watu kumi tu. Jina lako limo. Usiniulize limeingiaje, nimehangaika.

Kuna sharti moja. Mtu asipopunguza kilo nane kabla ya siku hiyo, hawamgusi, nafasi yake anapewa mwingine. Na hizo kilo zinatoka kwa miguu. Dakika arobaini kila asubuhi, mwendo wa mtu aliyechelewa ibada lakini hataki aonekane anakimbia. Siyo kwenda sokoni ukisimama kila mlango, yaya, nakujua. Hata baada ya kisu ni kutembea tu, maisha yote, la sivyo unene unarudi na ndugu zake.

Habari ya mama sitaiandika. Nasema tu tulimzika akiwa na miaka hamsini na nne, mguu wake mmoja ulikuwa umeshakatwa kwa sukari, na wewe mwezi wa nne unatimiza hamsini na tatu. Mimi pia nitatembea huku, saa kumi na mbili kamili asubuhi. Ukiinua mguu huko, ujue na mimi nimeinua.

Usinipigie simu juu ya jambo hili. Naijua simu yako: ukiongea nami, majirani watatu wanajibu. Barua mpe Mutware, dereva wa lori la maziwa. Anatoka Endiinzi kila Jumatatu, anapita kwenu, na yeye hasomi vya watu.

Mdogo wako,
Elisée Kalisa


Nakivale
9 Februari 2014

Mdogo wangu Elisée,

Nakusalimu wewe, Bénédicte, watoto, na huyo meneja asiyenijua. Sisi tupo. Mbuzi amekula nusu ya kitenge cha Perpétue, yule jirani yangu mjane mwenye mguu usiokunjika, na nusu iliyobaki Perpétue anaivaa mbele yangu makusudi. Juzi sisi wakimbizi wa kambi hii tulihakikiwa kadi za posho. Karani alinitazama juu mpaka chini akasema, "Maman, na wewe kabisa unasemaka posho haitoshi?" Mstari mzima ukacheka. Na mimi nilicheka, ningefanya nini? Mtu aliyekaanga mandazi ya kuuza miaka kumi na miwili, yale yanayovunjika unafikiri anayala nani?

Nimetembea. Siku ya kwanza sikufika mbali. Mama wawili walinikimbilia: "Nani amekufa?" Mtu mzima, mnene, hana kikapu, hana jerikani, hana Biblia, na anakwenda mbio alfajiri: lazima kuna msiba. Walinifuata mpaka mwisho wa kijiji, na mmoja alikuwa ameshaanza kulia. Siku ya pili nikabeba jerikani tupu ili niache kuwatisha watu.

Siku ya tatu yakaja maziwa. Saa kumi na mbili ndiyo saa ya kukamua, umesahau? Nani kati yetu atapita mbele ya mtu anayekamua bila kumwamkua, na nani ataamkuliwa asitoe kikombe? Kwa Pasta Sebagabo nimekunywa. Kwa jirani yetu Cyiza nimekunywa. Ukikataa maziwa ya mtu mbele ya ng'ombe wake umemlaani ng'ombe, na kiwele kikikauka kesho nitasemwa mimi. Basi natembea dakika arobaini na kunywa vikombe vitano. Nilipimwa kwenye mzani wa mnunuzi wa mahindi, ule wa magunia. Nilikuwa kilo mia moja kumi na mbili, sasa ni mia moja kumi na nne. Mnunuzi akasema kama mahindi nayo yangenenepa hivyo kwa kutembea, angeyatembeza.

Habari ya mama umesema hutaiandika, kisha ukaiandika.

Sweta imekutosha? Nilitumia kipimo cha zamani, ulipokuwa mwembamba hata mvua inakukosa.

Yaya wako,
Georgette Mukashema


Kakiika
23 Februari 2014

Yaya,

Salamu nyingi. Mtoto wetu wa mwisho ameota jino, meneja amepata gauti, sisi wengine ni wazima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Kilo mbili juu! Ninyi wawili, wewe na adabu yako, mtakwenda kaburini mmeshikana mikono.

Sikiliza. Asiyesalimu hapewi maziwa. Acha njia ya nyumba za watu, nenda ukazunguke kiwanja cha shule. Tazama chini, funga mdomo, usimjibu mtu hata akikuita kwa jina la marehemu baba. Watakuchukia kidogo, halafu watazoea. Anza na mzunguko mmoja, magoti yakizoea ongeza, na siku ukiona umetembea kidogo, fidia inayofuata.

Mimi kwa upande wangu naendelea vizuri. Jana nilifika hadi darajani na kurudi. Hewa ya asubuhi ni tamu, ndege wanalia, nilijisikia kijana. Suruali zimeanza kulegea. Sweta imenitosha sana. Nimeiweka sandukuni isichakae.

Elisée


Nakivale
6 Aprili 2014

Mdogo wangu,

Usidhani nimekufa. Mvua ilikata barabara, Mutware hakupita wiki tatu, na maziwa ya Endiinzi yote yaligeuka mtindi. Bénédicte hajambo? Jino la mtoto limefika wapi?

Kaa chini, kwa sababu hili pia utataka kulisoma umekaa.

Nilifuata neno lako. Nilizunguka kiwanja cha shule mara moja kila asubuhi, maana magoti hayakukubali zaidi, na sikumsalimu mtu. Siku sita. Nilijua watanichukia. Hawakunichukia, walishusha sauti nikipita. Siku ya saba ilikuwa Jumapili. Nikakumbuka ulisema nifidie, nikazunguka mara mbili, tatu, nne, watu wamesimama milangoni wananitazama, na mimi kwa hasira ya kutazamwa nikaendelea. Mzunguko wa saba nikakanyaga siafu. Walipanda mpaka mahali ambapo siwezi kupaandika kwenye barua inayobebwa na Mutware. Nikapiga ukelele ambao sijaupiga tangu nilipojifungua.

Elisée, kijiji kizima kikapiga ukelele pamoja nami! Mikono juu, wengine wamepiga magoti kwenye matope. Pasta Sebagabo akaja mbio na kiatu kimoja: "Mama Georgette, mbona ulitufichaka? Ile ni Yeriko!"

Umeelewa? Siku sita kimya, mara moja moja. Siku ya saba mara saba. Halafu kelele, na ukuta chini, kama kwa Yoshua. Mimi najikuna siafu, wao wanalia kwa Roho.

Nilitaka kusema. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini Jumanne orodha ikabandikwa kituo kikuu cha kambi, na nani ameitwa kwenye mahojiano ya kwenda Amerika baada ya kungoja miaka mitano? Cyiza, ambaye nyumba yake inatazamana na kiwanja. Sasa siafu wangu nitawaeleza kwa nani?

Leo asubuhi nyuma yangu walikuwa watu sabini na wawili. Hakuna anayenipa maziwa tena, kwa sababu mtu wa Yeriko hanywi kitu asubuhi. Nimeanza kujipima kiuno kwa kamba ya mbuzi, nafunga fundo kila wiki, na fundo linarudi nyuma. Mnunuzi wa mahindi anasema mia moja na saba.

Yaya wako,
nabii wa uongo


Kakiika
4 Mei 2014

Yaya nabii,

Nilicheka mpaka Bénédicte akaleta maji. Anakusalimu, na anaomba umzungukie habari ya mama mwenye nyumba wetu.

Madaktari wamesogeza safari yao mpaka mwezi wa tisa. Usife moyo. Ni muda zaidi wa kupungua, na wewe umeshapata jeshi. Ila usimwambie mtu habari ya kliniki. Watu wetu wakisikia unataka kukatwa tumbo zima lisilo na kidonda, watasema umerukwa na akili, na Yeriko yako yote itakuwa kichekesho kuanzia kwenu mpaka Kaberebere. Ngoja upasuliwe kwanza, ukweli utakuja na kovu lake.

Najua utauliza tena kama nitakuja. Nitakuja. Kazi ikipungua. Picha yangu ya kukutumia sina, simu ilianguka ndani ya ndoo ya maziwa.

Natembea, ndiyo.

Elisée


Nakivale
29 Juni 2014

Mdogo wangu Elisée,

Salamu kwa wote. Mahindi yamekuwa mazuri mwaka huu, ila nyani wamevuna kabla yetu. Nina kilo tisini na saba. Nguo zangu nimezishona upya mara mbili. Kilo zako nane nilizipita zamani, na nitakuambia jinsi ilivyokuwa, kwa sababu miguu peke yake isingeweza. Ni heshima iliyonikondesha. Nakaanga mandazi, ninayauza, yanavunjika, na siwezi kuweka kipande mdomoni, maana mtu wa Mungu anafunga na macho ya wateja hayatoki kinywani mwangu. Nilijaribu siku moja nyuma ya jiko. Mtoto akanikuta akasema, "Mama Yeriko, unatafuna nini?" Nikasema natafuna neno.

Wa kanisa letu wananipisha njia. Wa ng'ambo ya barabara wanasema nimekonda kwa ule ugonjwa, na mmoja ameshaniletea dawa za mitishamba kwa siri. Kwa hiyo upande huu mimi ni mtakatifu na upande ule ni maiti.

Lakini kuna Perpétue, na hapo sicheki. Faili lake la kwenda Amerika lilifungwa miaka mitatu iliyopita, wakamwambia asirudi kuuliza. Kila asubuhi yuko nyuma yangu, anauburuta ule mguu kuzunguka kiwanja, anafika wa mwisho, jasho linamtoka hadi kwenye kile kitenge kilicholiwa na mbuzi. Yeye anazunguka faili, mimi nazunguka tumbo. Jana alinishika mkono akaniuliza, "Unaona yangu nayo itaanguka?" Nikasema ndiyo. Elisée, nilisema ndiyo.

Naona aibu. Naona aibu kweli. Nataka kusema Jumapili.

Georgette


Kakiika
20 Julai 2014

Yaya,

Usiseme. Bado miezi miwili tu. Wanatembea, wanapata hewa, wanaomba. Nani ameumia? Kuna mtu anayeweza kumdanganya mwenzake kwa sababu anampenda, na mwenzake akapona kwa uongo huo huo. Mungu anajua kutofautisha.

Alhamisi ya tarehe 18 Septemba uwe kliniki saa mbili asubuhi, panda lori la Mutware, wiki hiyo atapita usiku wa Jumatano. Mimi sitaweza kufika, siku hiyo nina zamu. Nitakuombea hapa hapa kituoni.

Elisée


Nakivale
28 Septemba 2014

Mdogo wangu Elisée,

Nakusalimu, namsalimu Bénédicte, nawasalimu watoto. Mbuzi ameuzwa. Salamu zimekwisha, leo nina mengi.

Sikupasuliwa. Nilipanda mzani wao, ukasoma themanini na nane. Walipima damu, wakaipima tena. Daktari akakaa kwenye kiti akasema sukari imeshuka, kwa kilo hizi hawezi kunikata. Kisu chake ni cha mtu ambaye miguu imemshinda, na yangu haijanishinda. Nikamwambia nimetembea miezi minane ili nipasuliwe! Akasema endelea kutembea. Nimesafiri ndani ya harufu ya maziwa usiku kucha ili niambiwe hivyo.

Halafu muuguzi akauliza, "Na yule kaka aliyekuachia nafasi, kwa nini hakuja?" Nikamwuliza kaka gani. Akageuza daftari. Kalisa Elisée, miaka arobaini na tisa, sukari, kilo mia moja thelathini na moja. Jina lako limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake jina langu, kwa mwandiko wako. Ile G yako yenye mkia ningeijua hata gizani.

Nikaja Kakiika. Nilikuja kwa miguu, siku hizi siwezi tena kukaa. Nilisimama nje ya lango la kituo. Ulikuwa umekalia viti viwili vilivyosogezwa pamoja. Wenye maziwa walinyanyua makopo wenyewe kuyaweka kwenye mzani, kwa sababu wewe hukunyanyuka, na kila kopo lilipoondoka ulikunywa kilichobaki kwenye kipimo. Ulipogeuka kuandika ulihema. Kugeuka tu, Elisée.

Sikukusalimia. Ungesimama, na ungelazimika kunidanganya umesimama. Nililia hapo langoni mpaka mlinzi akaniuliza kama maziwa yangu yamekataliwa.

Kwa hiyo hakuna daraja. Hakuna ndege wanaolia. Miezi minane nilikuwa nainua mguu nikijua kuna mwingine umeinuka huko. Uliniandikia miaka ya mama kana kwamba alikuwa mama yangu peke yangu. Alikuwa mama yako pia.

Nimerudi kliniki kabla ya kuondoka. Madaktari watakuja tena mwezi wa tatu. Jina lako limeandikwa upya, mwandiko wangu, na muuguzi ameapa kwamba hakuna anayekata mstari tena. Masharti unayajua, uliyaandika mwenyewe.

Na Jumapili nimesema. Nilisimama mbele ya kanisa nikasema yote: siafu, kisu, kamba, mandazi. Mama mkwe wa Cyiza akatoka nje, hajanisalimu mpaka leo, na ana haki. Sebagabo alifungua Biblia akaifunga. Ndipo Perpétue akainuka, polepole, unajua mguu ule.

Akasema, "Mimi nilijuaka zamani. Mutu wa kuomba hapimake tumbo na kamba ya mbuzi kila asubui. Nilikuwa nakuona ku dirisha. Faili yangu nayo najua ilishakufa. Lakini tangu bwana yangu afe, hakukuwa mutu wa kutembeya na mimi. Kesho tunaanza saa ngapi?"

Jumatatu walikuja arobaini. Wamebaki wale wanaotaka. Waliniuliza sasa tunazunguka nini, nikawaambia. Wanajua jina lako na wanajua kilo zako, mia moja thelathini na moja, zimetajwa madhabahuni. Ukiona haya, ni vizuri, mimi nilivumilia mzani wa mahindi.

Saa kumi na mbili kamili. Safari hii uinue kweli.

Yaya wako,
Georgette


Kakiika
9 Novemba 2014

Yaya Georgette,

Nakusalimu. Bénédicte na watoto ni wazima. Msalimu Perpétue, na wote arobaini.

Nimechelewa wiki sita. Barabara ilikuwa kavu na Mutware alipita kila Jumatatu. Sikuwa na la kuandika ambalo si uongo.

Usinisifu kwa ile nafasi. Nilikupa kwa sababu nilijua wewe utatembea na mimi sitatembea. Ulikuwa woga, yaya, niliuvalisha nguo za upendo ili nisiuone. Na kuja Nakivale sikuja kwa sababu ulinikumbuka mwembamba, na nilipenda mahali pamoja duniani nibaki hivyo.

Nilianza tarehe kumi Oktoba. Siku ya kwanza nilifika kwenye nguzo ya umeme, ambayo naiona nikiwa kitandani. Wenye maziwa waliniuliza nani amekufa. Kipimo nimemkabidhi mwenzangu, mimi naandika tu, nimesimama. Viti vimerudi ofisini kwa meneja.

Lile daraja nililokuandikia mwezi wa pili, jana nimelifikia kwa mara ya kwanza. Ni mbali sana. Na nimesikiliza vizuri, hakuna ndege.

Kilo zimepungua nne. Nilipofika nyumbani nilifungua sanduku nikatoa sweta yako. Mkono wa kushoto umeingia.

Mdogo wako,
Elisée